Wastoiko hawakusema "usijali": uzi wa mchuzi wa dengu, mtumwa kilema na mfalme mzito wa kuamka

#1 Kibatari

Wakuu, habari za jioni.

Nimevumilia nimeshindwa. Kila nikifungua simu nakutana na kichwa cha sanamu, mzee wa marumaru mwenye ndevu za kusokota, na chini yake maandishi makubwa: "Mwanaume hahisi." Au: "Kata watu wote, baki na malengo." Pembeni wameweka jina la Marcus Aurelius, mara Seneca, mara Epictetus. Wiki iliyopita kijana mmoja wa mtaani kwetu kaachwa na mchumba. Kaja kunikopa elfu mbili ya bando, ananiambia, "Braza, mimi saa hizi ni Mstoiko, sihisi kitu." Macho yamevimba kama mtu aliyepitiwa na nyuki.

Mimi si mhadhiri. Ni fundi majokofu, na hao wazee, Wastoiko, wanafalsafa wa Ugiriki na Roma ya kale, nilikutana nao kwenye vitabu vya mtumba, vile vinavyopangwa kando ya barabara kule Posta. Nimewasoma, nimewaacha, nimewarudia, miaka imekwenda. Ninachokikuta mle ndani hakifanani na hiki kinachouzwa kwa picha za sanamu. Ndiyo sababu ya uzi huu. Ni mrefu, nitaushusha kipande kipande kati ya kazi na kazi. Mwenye haraka apite.

Jina lenyewe si geni kwenu. Fungua Matendo ya Mitume sura ya 17. Paulo yuko Athene, anabishana na watu sokoni, na waliomjia ni Waepikureo na Wastoiko. Wakampeleka Areopago ajieleze. Katikati ya hotuba akachomeka mstari wa mshairi wao wenyewe, "sisi sote tu wazao wake". Mstari huo ni wa Aratus, mshairi aliyekuwa karibu na Wastoiko. Kwa hiyo sisi tuliopita mafundisho ya kipaimara tulikariri maneno ya kambi hiyo hiyo tukidhani ni ya Paulo.

Naendelea nikishusha kompresa hii.

#2 Shemeji wa Mbezi

Siti ya mbele, mkuu. Kahawa ninayo, kashata ninayo.

#3 Kibatari

Kipande cha kwanza: meli na dengu.

Mwanzilishi anaitwa Zeno, na pale Athene alikuwa mgeni. Kwao ni Kition, mji wa kisiwa cha Saiprasi, kile ambacho Biblia inakiita Kipro. Alikuwa mfanyabiashara. Shehena yake ilikuwa rangi ya zambarau iliyokamuliwa kwa konokono wa baharini, mali ya kuvalisha wakubwa. Meli ikazama njiani kuelekea Piraeus, bandari ya Athene. Mtaji wote ukawa chakula cha samaki.

Akapanda mjini, akaketi kwenye duka la vitabu. Muuzaji alikuwa anasoma kwa sauti habari za Socrates, yule mzee ambaye mahakama ya Athene ilimnywesha sumu mwaka 399 KK kwa mashtaka ya kuharibu vijana na kutoheshimu miungu ya mji. Zeno akanogewa, akauliza: watu wa namna hii wanapatikana wapi? Wakati huo huo mtu mmoja, Crates, akawa anapita nje. Muuza vitabu akanyoosha kidole: mfuate yule.

Sasa huyo Crates. Alikuwa mtu wa ukoo wenye mali huko Thebes, akaiacha mali akajiunga na kundi ambalo watu waliliita "mbwa", kwa kuwa walilala popote, walikula chochote na kumsema yeyote. Alimwona mwanafunzi wake mpya ana kasoro moja: haya nyingi. Akampa chungu cha mchuzi wa dengu akipitishe katikati ya mtaa wa wafinyanzi, mchana kweupe. Zeno akakificha chini ya vazi. Crates kuona vile, akapiga chungu kwa fimbo. Mchuzi huo unachuruzika miguuni, Zeno anatimua mbio, na nyuma yake sauti: "Unakimbia nini, Mfoinike mdogo wangu? Hujapatwa na baya lolote!"

Habari hizi kaziandika Diogenes Laertius, karne tano hivi baadaye, kwa hiyo huenda zimeongezwa chumvi. Lakini mimi ndipo nilipowaelewa. Zeno hajaambiwa asihisi. Kaulizwa: kilichoumia ni nini? Mguu? Mguu una dengu tu, maji ya kisima yanamaliza. Kinachouma ni jinsi anavyodhani wafinyanzi wanamwona. Falsafa nzima ya hawa watu, miaka 500 ya vitabu, imejaa kwenye chungu hicho.

Baadaye, mwaka 300 KK hivi, Zeno akaanza kufundisha. Jengo lake hana. Akawa anatembea huku na huku kwenye baraza moja kando ya soko, lenye michoro ya vita ukutani. Kigiriki cha baraza ni stoa. Wastoiko maana yake ni watu wa barazani. Mtu wa Pangani au Lamu hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Aliyemrithi aliitwa Cleanthes, bondia wa zamani. Mchana anasoma, usiku anateka maji kwenye bustani za watu apate nauli ya maisha. Nawataja hawa ili muone: mgeni aliyefilisika na mchota maji. Sanamu za marumaru zimekuja baadaye.

#4 Mbishi Mkuu

Mkuu na wewe umeingia mtegoni. Inajulikana wazi hii elimu Wagiriki waliiba Misri. Aristotle aliingia maktaba ya Alexandria, akabeba vitabu, akaandika jina lake juu. Mwafrika kaibiwa halafu unatuletea mwizi tumshangilie. Bure kabisa.

#5 Kibatari

Mbishi, nilijua utakuja, nikakuwekea kiti.

Aristotle amekufa 322 KK. Maktaba ya Alexandria ni kazi ya akina Ptolemaio, wafalme wa Misri, baada ya yeye kuzikwa. Nyumba haijajengwa, mwizi kaingiaje?

Ila usiondoke, nusu ya hoja yako ni nzito, na Wagiriki wenyewe waliikiri. Kwenye kitabu chake kiitwacho Timaeus, Plato anamleta kuhani wa Misri akimwambia Solon, mwenye hekima wa Athene, kwamba "ninyi Wagiriki ni watoto siku zote", yaani kumbukumbu zenu ni za jana. Na ukiitafuta Afrika kwenye habari hizi utaikuta wazi, huna haja ya kuvunja mlango. Terence, mwandishi wa michezo ya kuigiza, aliletwa Roma akiwa mtumwa, na jina lake la mwisho, Afer, linamaanisha Mwafrika. Ndiye aliyeandika: mimi ni binadamu, na hakuna jambo la binadamu ninaloliona geni kwangu. Augustine kazaliwa mwaka 354 Thagaste, leo ni Souk Ahras huko Algeria, na anasimulia mwenyewe kwamba alikuwa kijana wa miaka 19 anasoma Karthago alipokutana na kitabu cha Cicero, mwandishi wa Roma, kilichomwasha moyo wa kutafuta hekima. Nusu ya Ukristo wa Ulaya umepita kwenye kalamu ya huyo mtu wa Algeria.

#6 Mwana wa Ngamiani

Assalaam aleikum jamaa. Kibatari umetaja kalamu, acha niingie hapo hapo.

Kalamu ni neno la Wagiriki: kalamos, mwanzi. Waarabu wakalichukua, jahazi likatuletea. Kanuni ni kanon, fimbo ya kunyooshea na kupimia. Almasi ni adamas, kisichoshindwa. Falsafa yenyewe ni philosophia, kuipenda hekima. Kwa hiyo ukimwambia bibi yangu hapa Tanga kwamba Wagiriki hawamhusu, atakucheka, ila hatajua anacheka kwa nini.

Na haikuwa maneno matupu. Baghdad, enzi za Abbasiya, watu walilipwa mshahara kutafsiri. Hunayn ibn Ishaq, Mkristo, anawafasiri Galen, yule tabibu wa Kigiriki, na wengine kutoka Kigiriki na Kisiria. Al-Kindi, mwanafalsafa wa Kiarabu aliyefariki karne ya 9, aliandika kijitabu cha kuondoa huzuni, na ndani yake mna mfano ambao Epictetus alikuwa ameshautoa kwa maneno machache.

Mfano wenyewe: chombo kimetia nanga, abiria wanashuka kuteka maji. Mmoja anateka, anarudi, anakuta nafasi nzuri, anakaa. Wengine wanazubaa ufukweni, wanaokota makombe, mawe ya rangi, maua. Nahodha akiita, wanarudi na mizigo yao, nafasi zimejaa, wanabanana na vikorokoro mapajani. Siku zikipita maua yameoza, yananuka, na kuyatupa wanaona uchungu.

Mimi nimesafiri kwa jahazi hadi Pemba na gunia la watu wengine miguuni. Al-Kindi anajua anachosema.

#7 Kibatari

Shukrani sana, Ustadhi. Hilo la al-Kindi nilikuwa nalijua jina tu.

Kipande cha pili, na ndicho kilichonifanya nianzishe uzi: Epictetus.

Kazaliwa mwaka 50 BK hivi, Hierapolis, nchi ambayo leo ni Uturuki. Jina lake si jina, ni kama lebo: "aliyepatikana", yaani kitu ulichojipatia. Bwana wake Roma alikuwa Epaphroditus, naye mtumwa wa zamani aliyepanda hadi kuwa karani wa Kaisari Nero. Mguu wa Epictetus ulikuwa mbovu. Wengine husema bwana wake aliusokota mpaka ukavunjika huku yeye akimwambia kwa utulivu "utauvunja", na ulipovunjika, "si nilikwambia?" Wengine husema ni baridi yabisi. Picha za sanamu zinapenda ile ya kwanza. Mimi naona ya pili inatosha: mtu mzima anachechemea kila siku na hana hadithi ya kishujaa ya kuisimulia.

Akaachiwa huru, akafundisha. Kaisari Domitian akawafukuza wanafalsafa Roma, naye akahamia Nikopoli, magharibi mwa Ugiriki. Hakuandika hata ukurasa. Mwanafunzi wake Arrian ndiye aliyenakili mazungumzo ya darasani, na vitabu vinne vimetufikia, pamoja na muhtasari mfupi unaoitwa Kijitabu.

Kijitabu kinaanza hivi: yako mambo yaliyo mikononi mwetu, na yako yasiyo mikononi mwetu. Yetu ni maoni, nia, tunachokitaka na tunachokikwepa. Si yetu mwili, mali, sifa, cheo. Mimi hili nalifahamu kwa kazi. Mteja ananiuliza, "Fundi, unanihakikishia halitaharibika tena?" Mama, kujaza gesi na kuziba panapovuja ni kwangu. Umeme ukikatika ukarudi kwa kishindo saa nane usiku, huo si wangu.

Wauza sanamu wanaishia hapo, wanasema: umeona? Yasiyo mikononi mwako yapuuze, kata watu. Sasa soma sura ya 11 ya kitabu cha kwanza cha Arrian.

Afisa mmoja kaja kumsalimia Epictetus. Wakazungumza. Una mke, una watoto? Ninao. Unaishije nao? Vibaya sana, anajibu. Kwa nini? Yule bwana anaeleza: "Nawapenda wanangu kupita kiasi. Juzi binti yangu mdogo aliugua, ikadhaniwa hatapona. Sikuweza kukaa pale kumtazama. Nikakimbia, nikakaa mbali, mpaka nilipoletewa habari kwamba amepata nafuu."

Jamaa anajiona ana mapenzi makubwa. Na kwa tafsiri ya wauza sanamu, Epictetus alipaswa kumpongeza, au kumwambia "mtoto si wako, tulia". Badala yake akamuuliza: unaona ulifanya sawa? Akasema, nilifanya kama baba yeyote. Epictetus akaanza kumbana. Mama yake anampenda? Anampenda. Naye alitakiwa akimbie? Hapana. Yaya wake anampenda? Ndiyo. Naye akimbie? Hapana. Kwa hiyo wote wanaompenda sana wangeondoka kwa sababu ya mapenzi yao, mtoto angebaki afie mikononi mwa wasiompenda wala kumjali? Na wewe ukiugua, ungetaka wakupende hivyo, wakuache peke yako?

Mimi niliposoma hapo nilikuwa kwenye daladala, nikapitiliza kituo.

#8 Dada Zamu

Samahani, mimi huwa nasoma tu humu, siandiki. Leo imebidi.

Ni muuguzi, wodi ya watoto, miaka 11. Hao baba nawajua. Usiwaone wabaya. Wanalipa, wananunua dawa saa sita za usiku, wanatuma uji na matunda. Ila ukimwambia "Baba Fulani, njoo ukae na mtoto dakika kumi, mama akaoge", anakwambia ngoja nipokee simu. Unamwona dirishani, yuko chini ya mwembe, simu iko sikioni na skrini imezima.

Kuna mmoja alikaa pale mwembeni siku nne. Siku ya tano nikamshika mkono, sikumwambia neno, nikamwongoza kama mgonjwa. Mtoto alikuwa na dripu mkono wa kushoto, akamwonyesha baba yake plasta: "Tazama, ina katuni." Baba akapiga magoti pale pale. Mtoto alipona, kama mnataka kujua.

Sikujua kuna mtu alishaliandika hili.

#9 Kibatari

Dada Zamu, asante. Nilikuwa na kipande kingine tayari, nimekifuta.

Baba yangu alilazwa wiki tatu. Mimi ndiye niliyelipa kila kitu, hata bili ndogondogo. Na kwa wiki hizo tatu nilikubali kazi ambazo miezi mingine ningezikataa. Jokofu la bucha Kimara, friza ya samaki Feri, chumba cha baridi usiku kucha. Nikiulizwa, nasema natafuta hela ya matibabu. Nilikwenda wodini mara mbili.

Ndiyo maana nilipitiliza kituo.

#10 Shemeji wa Mbezi

Pole sana kaka. Nimeweka kahawa chini.

#11 Mbishi Mkuu

Poleni, kwa hilo sina ubishi. Ila Kibatari, nirudi kwenye mada. Mimi natokea Bagamoyo, habari za minyororo kwetu si hadithi ya kitabuni. Mtumwa anayefundisha kwamba mwili wako si wako, hali yako si yako, uhuru uko ndani ya kichwa, huyo ni zawadi kwa bwana mwenye mijeledi. Ningekuwa mwenye shamba la watumwa, ningemchapisha Epictetus bure.

#12 Kibatari

Mbishi, hii ndiyo hoja yako bora tangu nikufahamu, na sitakudanganya kwamba ninayo dawa yake yote.

Niseme kwanza cha upande wangu. Wakuu wa Roma hawakuwaona Wastoiko kama watu wa kukubali tu. Kwenye kitabu hicho hicho cha Arrian mna mazungumzo ya Kaisari Vespasian na seneta Helvidius Priscus. Kaisari kamtumia ujumbe asiingie kikaoni.

"Ni mamlaka yako kunivua useneta. Lakini nikiwa seneta, sharti niingie."
"Basi ingia, ukae kimya."
"Usiniulize maoni, nami nitanyamaza."
"Lakini sharti nikuulize."
"Nami sharti nijibu ninaloona ni haki."
"Ukisema nitakuua."
"Lini nilikwambia mimi sifi? Wewe fanya lako, nami nifanye langu."

Aliuawa kweli. Na wale mliosoma Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere mnamkumbuka Porshia, mke wa Bruto, anayejivuna kuwa binti wa Kato. Kato huyo ni Mstoiko wa kupigiwa mfano. Mwaka 46 KK, Utica, nchi ambayo leo ni Tunisia, alijiua kuliko kupokea msamaha wa Kaisari. Kwa Kaisari, mtu wa aina hiyo si zawadi.

Sasa upande wako. Epictetus alimwambia mwenye watumwa: huyo unayemfokea kwa maji ya uvuguvugu ni ndugu yako, mwana wa Mungu mmoja na wewe. Seneca kaandika barua nzima, ya 47: "Ni watumwa. Hapana, ni watu." Akashauri uketi nao mezani. Ukilinganisha na Aristotle aliyesema wako watu waliozaliwa kuwa watumwa, hiyo ni hatua kubwa. Lakini katika maandishi yao yaliyotufikia sijaona hata mmoja anayesema: biashara hii ifutwe. Kula na mtumwa mezani, halafu kesho bado ni mali yako. Hapo umenishika, na mimi siwatetei.

#13 Mbishi Mkuu

Nimekubali nusu. Weka kumbukumbu, mods, maana haitatokea tena.

#14 Mhitimu Hana Ajira

Wakuu uzi mtamu, ila mimi nadaiwa kodi miezi mitatu. Epictetus ananisaidia nini?

#15 Kibatari

Kodi hakulipii, mdogo wangu. Na ukimkuta anayekwambia falsafa italipa kodi, kagua mfuko wako kabla hajaondoka.

Kitu kimoja tu. Kijitabu kinasema watu hawasumbuliwi na mambo yenyewe bali na hukumu zao juu ya mambo. Sentensi hiyo waliifanyia kazi Albert Ellis na Aaron Beck, Wamarekani wawili waliojenga tiba ya kuzungumza inayotumika leo hospitalini kwa sonona na wasiwasi, na wote wawili walisema wazi mizizi yake iko kwa Wastoiko. Deni ni la miezi mitatu. "Mimi ni mtu bure, nimeiaibisha familia" hilo si deni, hilo umeliongeza wewe. Mwenye nyumba hajalidai. Mwendee na lile la kwanza peke yake, ongea naye.

Namalizia kipande cha mwisho kabla gesi haijaniishia.

Seneca nampita haraka, sina imani naye sana. Mhispania wa Cordoba, mwalimu wa Nero, mwandishi mtamu kuliko wote. Mpinzani wake alimshtaki hadharani kwamba amechuma sesteri (fedha ya Roma) milioni 300 kwa miaka minne ya urafiki na ikulu. Katika barua ya 18 anamshauri rafiki yake atenge siku chache ale chakula cha bei ya chini, avae nguo mbaya, kisha ajiulize: hiki ndicho nilichokuwa nakiogopa? Mazoezi mazuri kwa mwenye ghala nyuma. Alikufa mwaka 65 kwa amri ya mwanafunzi wake huyo huyo, na alikufa vizuri, hilo nampa.

Marcus Aurelius ndiye mwenye sanamu, kwa hiyo twende naye. Kaisari tangu 161 hadi 180. Kitabu chake ni daftari la kujisemea mwenyewe kwa Kigiriki, sehemu kaandika kambini ng'ambo ya mto Danube, wakati wa vita na wakati tauni iliyoletwa na askari inamaliza watu wake. Alizaa watoto wasiopungua 13, wengi wakamtangulia kaburini. Mtawala wa dunia ile yote, na kitabu cha tano kinaanza na shida ya kutoka kitandani. Alfajiri ukiona uzito kuamka, sema: naamka kufanya kazi ya binadamu. Au niliumbwa nilale nijipashe joto blanketini? Kisha anajijibu kama mtoto: "Lakini hivi ni raha zaidi!" Halafu anajionyesha siafu, buibui, nyuki, kila mmoja kashika kazi yake.

Doa lake nalisema pia. Aliyempa vitabu vya Epictetus ni mwalimu wake Rusticus. Huyo huyo Rusticus, akiwa mkuu wa mji wa Roma, ndiye aliyemhukumu kifo Justino, Mkristo aliyevaa joho la mwanafalsafa. Darasa moja, hakimu na mhukumiwa.

Sasa ile "kata watu wote". Kitabu chote cha kwanza cha Marcus, kuanzia mstari wa kwanza, ni shukrani. Kwa babu yangu Verus, hili. Kwa mama yangu, hili. Kwa aliyenilea. Kwa Rusticus. Mtu baada ya mtu, kwa jina.

Na ile "mwanaume hahisi". Iko habari kwenye kitabu cha kale cha maisha ya Antoninus Pius, baba yake wa kupanga. Kitabu chenyewe kina sifa ya kupika mambo, ila hiki nakipenda. Marcus alifiwa na mwalimu aliyemlea, akalia. Watu wa ikulu wakaanza kumkataza, si vizuri mrithi wa ufalme kulia. Antoninus akawaambia: mwacheni awe binadamu. Si falsafa wala si ufalme unaoondoa hisia.

#16 Mwana wa Ngamiani

Allah akulipe kheri. Nimesoma hadi adhana imenikuta.

#17 Dada Zamu

Naomba jina la hicho Kijitabu. Nataka nikiweke kaunta ya manesi.

#18 Mstoiko wa Kitaa

Braza Kibatari, ni mimi. Bando ndiyo hii ninayosomea.

Kwanza macho hayakuvimba. Lilikuwa vumbi.

#19 Kibatari

Haya, vumbi. Kesho saa mbili asubuhi kuna friza ya kushusha ghorofa ya tatu Sinza, peke yangu siiwezi. Njoo. Elfu mbili nakata kwenye posho.

Na upite nyumbani kwanza, shemeji yako kapika dengu.